Themanini, Tena

Umeme umerudi saa tisa usiku hapa Kirumba
na mashine imeamka ikidhani ni mwaka wa themanini,
mwezi wa kwanza, tarehe mosi.
Mimi sijazaliwa. Mama hajamjua baba.
Dagaa waliopimwa jana jioni, kilo mia mbili na kumi na nne,
risiti yao itasema wameuzwa
kabla mtumbwi wao haujachongwa.

Naipa tarehe kwa mkono,
kama unavyomkumbusha mgonjwa jina lake.
Betri ya ndani, ile ya duara kama kifungo cha koti,
Bwana Lugembe ameiandika kwenye orodha ya manunuzi
tangu Pasaka.

Wananiambia: Minza, chukua mpya.
Mpya ilikuja, ya mkopo, nyembamba kama chapati.
Haikuwa na tundu la kuchomekea waya wa mizani.
Ikaomba intaneti. Ikaomba isajiliwe.
Ikaniomba nisubiri, na sangara hawasubiri.
Hii ya kijivu, iliyogeuka manjano
kama meno ya mvuta tumbaku,
haiombi kitu ila tarehe
na brashi ya rangi kila Jumamosi,
nipanguse wadudu wa ziwani waliofia kwenye feni.

Mfumo wake si ule wa kale wenyewe.
Ni pacha aliyezaliwa nyuma sana,
akashonewa na watu wasiolipwa
nguo kwa kipimo cha marehemu:
skrini nyeusi, herufi nyeupe,
kistari kinachopepesa kikingoja neno.
Msimbo wake uko wazi, jiko lisilo na mlango;
ingia, funua sufuria, ongeza chumvi.
Walaji wengi.
Wa kukoka moto tulikuwa tisa, leo watatu,
na mmoja macho yanamsumbua.

Wa pili yuko nchi ya theluji, sijawahi kusikia sauti yake.
Ndiye aliyeandika sehemu inayoongea na mizani,
mistari elfu nne.
Mwezi wa pili aliniandikia:
nimechoka, mke wangu anaumwa, hiyo shika wewe.
Hakuuliza kama naweza.
Aliniachia funguo kama jirani anayesafiri:
kuku walishwe saa kumi na mbili.

Nikasoma. Miezi mitatu nilisoma,
kikombe cha chai juu ya printa, mbwa wa soko wakibweka.
Kwenye mstari wa elfu moja mia tatu na mbili
nikakuta ameacha maneno:
"Sijui kwa nini inafanya kazi. Usiguse."

Niligusa.

Mizani ikasoma sifuri kutwa nzima.
Nilitukanwa kwa Kisukuma, kwa Kijita, kwa Kikerewe,
na mzee mmoja alinitazama tu, ikaniuma zaidi.
Mama Nyangeta akapima sangara wake kwa jicho
na, nadhani, kwa faida.
Usiku nikarudisha kila nukta mahali pake,
na chini ya maneno yale nikaongeza yangu,
kwa Kiswahili, atakayekuja atajua mwenyewe la kufanya:
"Ni kweli. Usiguse."

Lakini hili la saa silo lake, ni langu.
Leo, kwa kuwa usingizi umenikimbia,
nimeandika mistari kumi na mmoja.
Inasema: ukiamka ukajiona uko themanini,
usiamini, usichapishe kitu.
Uliza.
Nimewatumia wale wawili. Labda watajibu wiki ijayo,
labda yule wa macho atasomewa na binti yake.

Nje makarai yameanza kugongana.
Nazima, nawasha. Feni inakohoa, inakaa sawa.
Skrini nyeusi, kisha, kwa mara ya kwanza,
swali langu mwenyewe linanitazama:
Leo ni tarehe ngapi?

Simu imezima. Kalenda ya ukutani ni ya mwaka juzi,
tunaiweka kwa ajili ya picha.
Najaribu kuhesabu tangu Jumapili, napotea.
Mchukuzi wa kwanza amefika mlangoni,
ndoo kichwani, maji yakimtiririka shingoni.

Namgeukia, namuuliza.